Kahawa haiwezi kuwa usingizi wala chakula

Ilikuwa yapata saa saba na nusu usiku nilipozinduka huku moyo ukinidunda kana kwamba nimekimbizwa kutoka Muthurwa hadi Kariokor. Jasho jembamba lilinitoka, mikono ilitetemeka na pumzi ilikuwa fupi. Nilimwamsha mke wangu nikamwambia ninahisi ninakufa. Alimwita jirani mwenye gari, nami nikafikishwa katika hospitali moja ya jijini nikiwa nimeshika kifua.

Nilipimwa shinikizo la damu, nikafungwa nyaya za mashine ya kupimia moyo, nikatolewa damu. Baada ya saa mbili hivi afisa wa kliniki, mama wa makamo, aliketi kando ya kitanda na kuniambia kwamba hakuona kasoro yoyote katika moyo wangu. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mzee, kwa siku unakunywa vikombe vingapi vya kahawa?"

"Vitatu hivi, daktari. Labda vinne."

"Hebu nihesabie vya jana, kimoja kimoja."

Tulihesabu. Kimoja nyumbani kabla sijatoka saa kumi na moja alfajiri. Viwili afisini kabla ya saa nne. Kimoja badala ya chakula cha mchana. Viwili alasiri, kwa kuwa ulikuwa mwisho wa mwezi na hesabu zilikuwa hazijakamilika. Vitatu jioni na usiku, cha mwisho saa nne. Jumla tisa, tena havikuwa vikombe vya kawaida bali magi. Usiku uliotangulia nilikuwa nimelala saa nne pekee. Chakula nilichokuwa nimekula kutwa nzima ni maandazi mawili, na ugali wa usiku niliouacha nusu.

"Moyo wako hauna ugonjwa," yule mama aliniambia. "Unataka kulala na kula. Kahawa haiwezi kukufanyia hayo mawili."

Hayo yalitokea mwaka wa 2009, nilipokuwa karani wa hesabu katika kampuni moja ya uchukuzi. Nimeyasimulia kwa sababu kila ninapoingia katika afisi za watu mjini ninawaona ndugu zangu wengi wakifuata njia ileile. Themosi iko mezani tangu asubuhi, magi haikauki, na mwenye magi hajaonja chakula.

Maoni yangu ni haya. Kahawa si sumu, na mtu asiitangazie vita. Ubaya huanza pale mtu anapoifanya badala ya usingizi na badala ya chakula. Hapo huwa amekopa, na wahenga walituonya mapema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Kahawa haitii nguvu

Watu wengi huamini kwamba kahawa huongeza nguvu mwilini. Sivyo. Kikombe cha kahawa nyeusi kisichotiwa sukari wala maziwa hakina lishe ya kutajika. Kinachofanya kazi ndani yake ni kafeini, kemikali ambayo mwanakemia Mjerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, aliitenga kutoka kwa buni mwaka wa 1819.

Tangu mtu anapoamka, kemikali nyingine iitwayo adenosini huanza kujikusanya katika ubongo wake. Kadiri saa zinavyopita ndivyo inavyoongezeka, nayo hukaa katika vipokezi vyake na kuuambia mwili: umechoka, nenda ukalale. Sasa kafeini inafanana na adenosini kwa umbo. Inapofika kwenye ubongo hukalia vipokezi hivyo, mfano wa abiria anayekalia kiti cha mwenzake katika matatu. Adenosini yenyewe haikuondoka. Imesimama mlangoni inangoja. Kafeini inapokwisha, ile adenosini yote iliyokuwa ikijikusanya huingia kwa pamoja, na mtu huangukiwa na uchovu mkubwa kuliko ule aliokuwa akiukimbia. Anafanya nini? Anamimina magi nyingine.

Ndiyo maana ninasema ni mkopo. Kahawa huondoa habari ya uchovu. Uchovu wenyewe hubaki palepale.

Saa zinazohesabika

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni muda ambao kafeini hukaa mwilini. Katika mtu mzima mwenye afya njema, ini huchukua kama saa tano kuondoa nusu ya kafeini aliyokunywa. Chukua mfano wa mtu anayekunywa magi kubwa yenye miligramu 200 saa kumi jioni. Inapofika saa tatu usiku, bado ana miligramu 100 katika damu. Saa nane usiku, anapogeukageuka kitandani na kuulaumu mto, ana miligramu 50, ambazo ni sawa na kwamba ameamka akanywa kikombe cha chai.

Kuna watafiti wa Marekani waliowapa watu miligramu 400 za kafeini saa sita kamili kabla ya kulala, na wakachapisha matokeo yao mwaka wa 2013. Usingizi wa watu hao ulipungua kwa zaidi ya saa moja. Saa moja kila usiku, kwa siku tano za kazi, ni saa tano za usingizi uliopotea kwa wiki.

Isitoshe, muda huo si sawa kwa kila mtu. Mwanamke anayemeza tembe za kupanga uzazi huchukua karibu maradufu ya muda wa kawaida kuiondoa kafeini. Mama mja mzito aliye katika miezi mitatu ya mwisho anaweza kukaa nayo kwa saa 15 kabla haijapungua nusu. Anayetumia dawa ya ciprofloxacin, ambayo hutolewa sana kwa maambukizi ya njia ya mkojo na ya tumbo, ini lake huchelewa pia. Mvutaji sigara naye huiondoa haraka. Kwa hiyo mtu akiacha sigara huku akiendelea na kahawa kama zamani, kafeini katika damu yake hupanda, naye hudhani kwamba kutetemeka na kukosa usingizi ni kwa sababu ya sigara peke yake.

Wengine wameumbwa hivyo tangu kuzaliwa. Kuna anayekunywa kahawa saa tatu usiku akalala fofofo, na kuna ambaye kikombe cha saa nane mchana humkesha. Usimwige jirani.

Kiasi gani ni kingi?

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitoa mwongozo mwaka wa 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya hapaswi kupita miligramu 400 za kafeini kwa siku, wala miligramu 200 kwa mkupuo mmoja. Idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa pia hutaja miligramu 400. Kwa mama mja mzito, mwongozo wa Ulaya ni miligramu 200 kwa siku. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2016, liliwashauri waja wazito wanaopita miligramu 300 wapunguze, kwa sababu kuna hatari ya mimba kuharibika na ya mtoto kuzaliwa na uzani mdogo.

Je, miligramu 400 ni vikombe vingapi? Kikombe cha kawaida cha kahawa iliyochujwa kina takriban miligramu 90 hadi 100. Kikombe cha kahawa ya mkebe, ile ya kukoroga kwa maji moto, kina kama 60, ikitegemea vijiko. Kikombe cha chai kina kama 40 au 50. Soda ya kola ya mililita 330 ina kama 35. Mkebe mdogo wa vinywaji vinavyoitwa vya kuongeza nguvu, wa mililita 250, una 80, na ule mkubwa wa nusu lita una 160.

Hapa ndipo hesabu zetu zinapokosewa. Kwanza, tunasema kikombe na kumbe tunanywa magi inayobeba vikombe viwili. Pili, hatuhesabu chai. Mkenya anayejivunia kwamba yeye hanywi kahawa zaidi ya vikombe viwili huenda amekunywa pia chai mara nne, soda moja ya kola, na tembe mbili za kichwa. Ndiyo, tembe. Panadol Extra, kwa mfano, ina miligramu 65 za kafeini katika kila tembe, kwa hivyo dozi ya tembe mbili ni miligramu 130. Soma karatasi iliyo ndani ya pakiti.

Watoto wana kipimo chao. Mwongozo uleule wa Ulaya unataja miligramu 3 kwa kila kilo ya uzani wa mtoto. Mtoto wa kilo 30 basi asipite miligramu 90 kwa siku, na mkebe mmoja mdogo wa kinywaji cha kuongeza nguvu unakaribia kuimaliza hesabu hiyo. Mzazi anayemnunulia mwanawe kinywaji hicho ili asome usiku wa mtihani anamnyang'anya usingizi, na usingizi ndio wakati ambao ubongo huyahifadhi yale uliyojifunza mchana.

Moyo, tumbo na neva

Anayepitisha kiasi huonekana kwa dalili. Mikono hutetemeka, moyo hudunda au kuruka pigo, huwa na wasiwasi usio na sababu, hukasirika upesi, huenda msalani mara kwa mara na hukosa usingizi. Dalili hizi zikikusanyika usiku zinaweza kumwogofya mtu akadhani ni mshtuko wa moyo, kama zilivyoniogofya mimi. Hata hivyo tahadhari: maumivu ya kifua, kuzirai, au mapigo ya moyo yasiyotulia si mambo ya kujiamulia nyumbani kwamba ni kahawa. Nenda hospitalini, na yule atakayekupima ndiye aseme.

Kuhusu shinikizo la damu, miligramu 200 hadi 300 za kafeini hulipandisha kwa muda wa saa tatu hivi, hasa kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa huo. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wa Kenya walikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Huwezi kujua kahawa inakufanyia nini ikiwa hujui shinikizo lako liko wapi. Kapimwe, na usinywe kahawa katika nusu saa kabla ya kupimwa, maana kipimo kitakudanganya.

Wengi huilaumu kahawa kwa vidonda vya tumbo. Vidonda vingi huletwa na bakteria waitwao Helicobacter pylori, au na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama vile aspirini na ibuprofeni. Kahawa si chanzo chake. Lakini huchochea asidi tumboni na kuleta kiungulia, na aliye na tumbo tupu au kidonda tayari atayahisi hayo kwa ukali zaidi.

Wanaomeza levothyroxine kwa ajili ya tezi la shingo nao wajue kwamba kahawa huzuia dawa hiyo isiingie mwilini ipasavyo. Imezwe kwa maji, na kahawa ingoje.

Damu ya mama

Sasa nije kwa jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingefaa kuzungumzwa zaidi katika nyumba zetu kuliko hata moyo. Kahawa na chai huzuia mwili usinyonye madini ya chuma kutoka kwa chakula.

Wataalamu walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka wa 1983. Kikombe cha kahawa kilichonywewa pamoja na mlo wa hambaga kilipunguza unyonyaji wa madini ya chuma kwa asilimia 39. Chai iliupunguza kwa asilimia 64. Kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya mlo haikudhuru. Iliyonywewa saa moja baada ya mlo ilizuia sawasawa na ile iliyonywewa pamoja na chakula.

Fikiria basi mlo wa Mkenya wa kawaida. Madini ya chuma tunayapata zaidi kutoka kwa maharagwe, ndengu, sukuma wiki na mchicha. Madini ya mimea ni magumu kunyonywa kuliko ya nyama hata pasipo kinywaji chochote. Halafu juu ya hayo tunateremsha kikombe.

Shemeji yangu alipokuwa mja mzito alipewa kliniki tembe za madini ya chuma na asidi ya foliki, kama wanavyopewa waja wazito nchini. Alizimeza kila siku bila kukosa, lakini damu yake haikupanda. Muuguzi alimkaripia kwamba hazimezi, naye akarudi nyumbani akilia. Baadaye ndipo muuguzi mwingine alipomuuliza anazimeza na nini. Alikuwa akizimeza kila asubuhi kwa kahawa ya maziwa, kwa kuwa maji yalimtia kichefuchefu. Alishauriwa azimeze kwa maji ya machungwa, na kahawa aiweke mbali. Damu ilipanda kabla hajajifungua.

Mama huyo hakuwa mkaidi wala mjinga. Hakuna aliyemweleza. Ninawasihi wauguzi wa kliniki za waja wazito: mnapotoa tembe hizo, ongezeni sentensi moja tu. "Usimeze kwa chai wala kahawa."

Madereva na walinzi

Kuna watu ambao kahawa kwao si starehe. Dereva wa lori anayetoka Mombasa kuelekea Malaba, mlinzi wa usiku, muuguzi wa zamu, mwanafunzi wa chuo kikuu. Hawa hunywa ili wasilale, na wengine huongeza miraa juu yake.

Watafiti wa Australia walionyesha mwaka wa 1997 kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hufanya mambo kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Dereva aliyeamka saa kumi na moja alfajiri hufika hapo saa nne usiku. Kahawa yaweza kumwamsha kwa muda, lakini haiwezi kuzuia ubongo uliochoka usisinzie kwa sekunde tatu nne macho yakiwa wazi. Lori linalokwenda kasi ya kilomita 80 kwa saa husafiri zaidi ya mita 60 kwa sekunde tatu. Mita 60 zinatosha kuingia upande wa basi linalokuja.

Linalofaa ni hili. Akiona macho yanamlemea, dereva asimame mahali salama, anywe kikombe kimoja, kisha alale dakika 15 au 20 papo hapo. Kafeini huanza kufanya kazi kwa kiasi cha nusu saa, kwa hiyo ataamka wakati inapoingia. Hilo ni la dharura. Usiku unaofuata sharti alale.

Waajiri nao wasikwepe. Nilipomwendea mkubwa wangu baada ya kutoka hospitalini nikamwomba karani wa pili wa kusaidia mwisho wa mwezi, aliniambia kahawa ya afisi ni ya bure, ninywe tu. Alidhani ananifanyia hisani. Ukimwona karani wako anamaliza magi sita kwa siku, usimsifu kwa bidii yake. Huenda umempa kazi ya watu wawili.

Mazuri yake tusiyafiche

Haki na itendeke. Uchunguzi mkubwa uliojumlisha tafiti nyingi, ambao ulichapishwa katika jarida la madaktari la Uingereza mwaka wa 2017, uliona kwamba wanaokunywa vikombe vitatu hivi kwa siku hupatwa kwa uchache zaidi na maradhi ya ini, kisukari cha aina ya pili na hata vifo vya mapema kuliko wasiokunywa kabisa. Tafiti za namna hiyo huonyesha mambo yanayokwenda pamoja. Hazithibitishi kwamba kahawa ndiyo iliyowaponya. Lakini zinatosha kutuambia kwamba mnywaji wa kiasi hana haja ya kuogopa.

Kuna utafiti mwingine wa Marekani uliochapishwa mapema mwaka wa 2025, uliowafuatilia watu wazima wapatao 40,000. Waliokunywa kahawa asubuhi pekee walikuwa na vifo vichache zaidi kuliko wasiokunywa. Waliokunywa kutwa nzima hawakuonekana kupata faida hiyo. Mimi sikushangaa.

Hata ile hofu ya saratani imepungua. Mwaka wa 1991 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliitaja kahawa kuwa huenda huleta saratani ya kibofu. Mwaka wa 2016 liliiondoa katika orodha hiyo baada ya kupitia ushahidi upya. Lakini wakati huohuo lilitaja kwamba kinywaji chochote cha moto sana, cha kupita nyuzi 65 za Selsiasi, huenda huleta saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Hili latuhusu hasa. Hospitali ya Tenwek kule Bomet imewatibu wagonjwa wengi wa saratani hiyo kwa miaka mingi. Vyanzo vyake ni vingi, pombe na tumbaku vikiwemo, lakini hakuna hasara kungoja kikombe kipoe kidogo.

Finjani na magi

Nilipokuwa kijana nilikaa Mombasa mwaka mmoja kwa ami yangu, karibu na Mji wa Kale. Jioni wazee waliketi barazani, na muuza kahawa alipita na dele lake lenye makaa, akigonganisha vikombe ili wasikie. Kahawa yenyewe ilikuwa tungu kwelikweli, ya tangawizi. Lakini kikombe chake ni kidogo, mafunda matatu manne basi. Mtu alikunywa viwili, akala tende au kipande cha halua, akazungumza siasa kwa saa nzima, akainuka kwenda nyumbani kula na kulala.

Sisemi kahawa ile haina lake. Kahawa iliyochemshwa bila kuchujwa kwa karatasi hubaki na mafuta yanayopandisha kolesteroli ikinywewa kwa wingi. Lakini tazama kipimo na tazama nia. Wazee wale hawakunywa ili wakimbie usingizi. Sisi wa Nairobi tulichukua kinywaji kile tukakimimina katika magi, tukakiweka kando ya kompyuta, tukakinywa peke yetu bila kujua hata ladha yake. Nchi ambayo wamishenari waliipandia mbuni kule Bura, Taita, mwaka wa 1893, na ambayo hadi leo huuza karibu kahawa yake yote ng'ambo, ingestahili kuinywa kidogo na kuifurahia.

Jinsi ya kupunguza

Usiache ghafla. Anayekunywa sana akiacha kwa siku moja hupatwa na maumivu ya kichwa, usingizi mzito, hasira na kichefuchefu. Dalili hizi huanza baada ya saa 12 hadi 24, huwa kali katika siku mbili za kwanza, na zinaweza kuendelea kwa siku tisa. Mwaka wa 2013 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliziingiza katika orodha yake rasmi ya maradhi. Usidharau basi, wala usimcheke anayelalamika.

Mimi nilipunguza magi moja kila baada ya siku tatu, nikianza na za usiku. Kisha nikaondoa za alasiri. Kichwa kiliuma wiki ya kwanza, na nilipokuwa na hamu ya kushika kitu mkononi nilishika maji moto yenye limau. Nilianza kula kabla ya kunywa. Na kwa kuwa karani wa pili hakuajiriwa, nilianza kufunga hesabu kila Ijumaa badala ya kungoja mwisho wa mwezi. Hilo ndilo lililoniponya kuliko yote, kwa sababu sikuwa na usiku wa kukesha tena.

Leo ninakunywa vikombe viwili, vyote kabla ya saa sita mchana. Wewe nawe, msomaji, kesho asubuhi chukua kipande cha karatasi uandike kila kikombe, kila magi, kila soda na kila tembe, pamoja na saa uliyotumia. Usiache hata chai. Jioni jumlisha. Ukipita miligramu 400, au ukiona kikombe chako cha mwisho kiko baada ya saa nane mchana, umejua pa kuanzia.

Na ukihisi uchovu hata baada ya kulala vizuri kwa majuma mawili, usiongeze kahawa. Kamwone daktari, maana uchovu wa namna hiyo unaweza kuwa upungufu wa damu, kisukari, ugonjwa wa tezi au huzuni iliyojificha, na kahawa hukusaidia tu kuchelewa kuujua. Lakini ikiwa unachodaiwa ni usingizi, jibu unalijua tangu utotoni. Dawa ya deni ni kulipa. Nenda ukalale.